Bwawa Limefungwa na Mimi Bado Mkavu

Bertrams, Johannesburg
Mwezi wa saba, katikati ya baridi

Kwa Mtumishi wa Mungu, Mchungaji Alexis,
Kanisa la Kisima cha Ushindi.

Nakala kwa kamati ya majengo. Nakala nyingine kwa Mungu, ambaye ameshaisoma kabla sijaiandika.

Mchungaji wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na mama mchungaji na watoto. Sisi huku hatujambo, ila mimi nimekasirika.

Ni mimi Papa Ezéchiel Kashindi, fundi wa cherehani, mzaliwa wa Uvira, ninayekaa mstari wa nyuma karibu na mlango. Unanijua. Kanzu zote za ubatizo za kanisa hili nimezishona mimi, na kila kanzu nimeitia nati za chuma ndani ya pindo la chini ili isielee mtu akizamishwa, maana ule mwaka wa kwanza kanzu ya Mama Falonne ilipanda juu kama mwavuli, kanisa zima likafumba macho, na waliochelewa kufumba bado wanaomba msamaha. Tangu nishike kazi hiyo hakuna kanzu iliyopanda tena. Mafundi wa mji huu hawaijui siri hiyo, na wakiiuliza siwaambii. Shule nilifika darasa la tatu tu, lakini la tatu nililirudia, kwa hiyo nalijua vizuri kuliko wale waliolipita mbio. Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Mke wangu Clémentine alitaka kunisaidia, nikamwambia atulie, ataisikia ikisomwa kanisani.

Nakuja kwenye jambo. Bwawa letu la ubatizo, lile la uani, ambalo sisi watu wa Uvira tunaliita pisini, limefungwa. Limefungwa mpaka mwezi wa tisa, eti kwa sababu ya baridi. Limefungwa na kamati ya majengo, ambayo mwenyekiti wake ni Papa Hénock, ambaye nitamfikia huko chini, asiwe na haraka.

Na mimi bado sijazamishwa.

Nieleze vizuri, ili hata mgeni akiiokota barua hii barabarani aelewe kwa nini mzee anapiga kelele. Mjukuu wangu Shekinah anaolewa na Exaucé, yule kijana wa kinanda, mwezi wa nane, wikendi ile ndefu ya sikukuu ya wanawake, wakati hata mabosi wabishi wanaachia watu. Wageni wa Durban na wa Lubumbashi wameshakata tiketi za basi. Baba yake Shekinah alikuwa mwanangu Alain, na Alain tulimzika hapahapa mtoto akiwa bado na meno ya maziwa. Tangu siku ile, baba ni mimi. Nani alimvusha barabara pale kwenye robot, yaani taa za barabarani, kila asubuhi, magari yakisubiri taa? Mimi. Nani alimshonea sare zote za shule, na kila mwaka akaachia pindo kwa sababu anarefuka kama mimi? Mimi. Sasa amekuwa mtu mzima, na amesema mkono wa kumpeleka madhabahuni ni wangu, hataki mwingine.

Lakini sheria ya kanisa letu, uliyoiweka mwenyewe, inasema anayemkabidhi bibi harusi lazima awe amebatizwa kwa maji mengi, kichwa na vyote. Mimi nilibatizwa nikiwa mchanga, na padri mmoja mwenye ndevu kule Uvira, kwa maji ambayo kifaranga angeyamaliza. Wewe unasema ule haukuwa ubatizo, ulikuwa ni kulowanishwa. Tumebishana juu ya hilo miaka mingi, mimi na wewe, na nilishasema mbele ya maikrofoni kwamba tone la padri wa Uvira linanitosha mpaka mbinguni na kurudi. Sasa, kwa ajili ya Shekinah, nimekubali kuzama. Msiseme nimerudi nyuma. Mwanaume harudi nyuma, anaongeza.

Nikikosa kuzama, atakayemkabidhi mtoto ni babu yake wa upande wa mama. Na babu yake wa upande wa mama ni nani? Ni Papa Hénock. Sasa umeanza kuona.

Haya ndiyo malalamiko yangu.

Lalamiko la kwanza: kile alichofunikia. Watu wengine wakifunga bwawa kwa baridi wananunua kifuniko dukani. Papa Hénock alichukua lile bango la plastiki la mkutano wa injili wa mwaka jana, lenye picha yako, Mchungaji, umenyoosha mkono wa kuume, na maandishi NJOO UPOKEE, akalitandaza juu ya maji na kuligandamiza kando kwa matofali. Kwa hiyo uso wako umelala pale uani usiku na mchana, unatazama mbinguni. Majani makavu yamekuingia puani. Juzi nilimkuta hadeda, yule ndege wa mdomo mrefu anayelia kama geti lisilopakwa mafuta, amesimama kwenye paji la uso wako anatafuta wadudu. Nilimfukuza kwa heshima. Alipoondoka aliacha kitu, sikitaji, kiko kwenye tai. Na lile neno NJOO limezama kidogo, kwa hiyo mtu akichungulia kutoka dirisha la jiko anasoma UPOKEE tu, apokee nini, kwa nani, hakuna anayejua. Tena bango hilo lilipochanwa na upepo mwezi wa tatu, aliitwa nani kulishona? Niliitwa mimi. Nikalishona vizuri, kwa uzi wa viatu, mshono ambao tembo akipita juu yake hauachii. Sikujua kwamba ninashona mlango wa kunifungia nje.

Lalamiko la pili: vyoo. Unajua jinsi mabomba ya mtaa wetu yanavyokauka bila kuaga. Mwezi uliopita yalikauka tena, waamini wakaja kanisani na ndoo. Papa Hénock mwenyewe alifunua kona ya bango, pale penye kiwiko chako, akawa anawachotea watu maji ya kwenda kumwaga chooni. Na mimi nilipanga foleni na ndoo yangu, kwa maana hata mwenye hasira ana choo. Lakini nilipofika nyumbani nikayamwaga, nikayasikia yanateremka kwa kelele zile, moyo uliniuma. Bwawa lilelile! Kwangu limefungwa, kwa choo liko wazi. Vyoo vya Bertrams vimepata maji mengi, Mchungaji, na mimi bado mkavu. Choo changu kingekuwa na mkono wa kushikwa, leo hii kingeruhusiwa kumkabidhi Shekinah.

Lalamiko la tatu: hiyo baridi. Kamati inasema mwaka jana, mwezi kama huu, vijana wa kwaya walibatizwa, na Jumapili iliyofuata kwaya nzima iliimba kwa pua. Nakubali, nilisikia. Lakini hao ni watoto wa hapa, waliolelewa na heater chini ya meza. Ukiwaambia Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza, ukiwaambia baridi wanakujibu kwa mafua. Mimi si mtu wa namna hiyo. Nilipokuwa kijana Uvira nilikuwa naoga mto Kalimabenge alfajiri, maji yanatoka mlimani yana hasira, na nilikuwa natoka nimetokwa na jasho. Nilipofika Johannesburg, kabla sijapata cherehani, nililinda magari ya watu Doornfontein baridi mbili nzima nikiwa na shati moja, na Wazulu waliokuwa wakilinda nami walikuwa wananiita jiko. Waliniegemea. Wiki iliyopita Papa Hénock alinionyesha kibarafu juu ya bango, chembamba kama kioo cha saa, akadhani nitatishika. Nikamwambia ule ni umande wenye kiburi.

Nasema hivi, na niandikwe: maji yale si baridi. Maji ni maji. Baridi iko kwenye roho ya mtu.

Najua utaniuliza kwa nini sikuzama wakati wa joto, maji yalipokuwa kama chai. Swali zuri. Mwezi wa kwanza ilikuwa foleni ya vijana, na mtu mzima hapangi foleni nyuma ya watu aliowapima kaptula za shule. Mwezi wa pili pampu ilikufa, maji yakawa ya kijani, na chura alikuwa anaishi humo na familia. Mwezi wa tatu nilikuwa nafikiri. Mwezi wa nne nikamaliza kufikiri, nikaja uani na kanzu mkononi, nikakutana na uso wako umetandazwa.

Lalamiko la nne: bafu. Nashukuru kwamba ulinitafutia njia nyingine. Ulisema nibatizwe katika bafu la Mama Gaudiose, pale kwenye fleti yake, lina maji ya moto ya kutosha, kazi ya dakika mbili. Nilikwenda kulipima, maana mimi ni mtu wa vipimo. Nililala ndani nikiwa na nguo zangu zote, hakuna maji, Mama Gaudiose amesimama mlangoni na kikombe chake, shahidi. Matokeo ni haya. Kichwa kikizama, magoti yanatoka. Magoti yakizama, kichwa kinatoka. Mimi ni mrefu, Mungu aliniumba hivyo, sikuomba. Sasa siku ya hukumu, nikiingia mbinguni na magoti yangu yamebaki mlangoni kwa sababu hayajabatizwa, nitapiga magoti na nini? Mama Gaudiose alisema ningelala ubavu. Nikamwambia samaki ndiye hulala ubavu, tena akiwa kwenye sahani.

Na kuna bata. Ni bata wa plastiki, wa njano, wa wajukuu zake, amekaa kwenye ukingo wa bafu. Alinitazama muda wote. Mimi, Ezéchiel Kashindi, sizaliwi mara ya pili mbele ya bata.

Lalamiko la tano: Papa Hénock. Nimejitahidi kuliandika hili polepole ili nisitende dhambi. Mwenyekiti wa kamati iliyofunga bwawa ndiye huyohuyo atakayemkabidhi bibi harusi bwawa likibaki limefungwa. Mtu wa darasa la tatu analiona. Ameshanunua suti. Ameinunua dukani, imetundikwa kwenye hanga kama kitu cha aibu, mikono inamfika kwenye vidole, na hakuja kwangu nimpime, akijua nipo. Mtu anayejua kwamba hana hatia angekuja kwa fundi.

Si hayo tu. Unajua siku ya harusi bibi harusi anatoka getini, anapita ile njia nyembamba, ukuta huku, bwawa huku, mpaka kwenye gereji, yaani ukumbini kwetu. Wiki mbili hizi Papa Hénock anafanya mazoezi. Nilimwona kwa macho yangu mawili. Anatembea polepole, hatua, anasimama, hatua, anasimama, kidevu kiko juu, mkono umekunjwa, na kwapani ameshika fagio. Nilipomuuliza anafanya nini alisema anafagia. Mchungaji, hakuna anayefagia kwa hatua za harusi. Na alipofika mlangoni mwa gereji alilibusu lile fagio. Atakana. Mwulize fagio.

Simchukii, nisieleweke vibaya. Binti yake ndiye alimzaa Shekinah, na msiba wa Alain tulikula sahani moja mimi na yeye, akawa ananisogezea nyama. Lakini nyama ni nyama, na mkono wa Shekinah ni mkono wa Shekinah.

Lalamiko la sita lilihusu heater ya gesi ya ukumbini, ambayo siku zote inatazama mimbari na kutupa sisi wa mlangoni mgongo. Clémentine amepita nyuma yangu akaliona, akasema nisichanganye mambo, mtu huomba ng'ombe haombi na kamba. Nimelifuta.

Lalamiko la saba, na hili ni la roho kabisa. Parapanda ikilia mwezi huu wa saba, itakuwaje? Au malaika nao wametumiwa meseji na kamati ya majengo kwamba wasubiri mpaka mwezi wa tisa? Nikifika kule nikaulizwa mbona mkavu, nitasema nini? Niseme pampu ilikuwa imezimwa? Sijawahi kusikia Mto Yordani ulifungwa kwa msimu. Nani alikuwa mwenyekiti wa majengo kule? Nani aliweka bango? Na sisi tunajiita Kisima cha Ushindi. Kisima kikifungwa, ushindi nao tuuweke wapi? Basi tubadilishe kibao cha getini, kisomeke: Kisima cha Ushindi, mwezi wa tisa mpaka wa nne, wakati wa baridi jaribuni Wakatoliki.

Maombi yangu sasa. Ni machache na ni ya mtu mwenye akili.

Kwanza, bango liondolewe, lioshwe, hasa kwenye tai, na likunjwe kwa heshima.

Pili, kama kamati bado inaogopa baridi kwa niaba yangu, basi kamati nzima itangulie kuingia majini siku hiyo na ikae humo wakati wa kwaya, ili iyapashe maji moto kwa miili yake. Papa Hénock akae katikati, kwa kuwa ndiye ana mwili wa kutosha. Kamati ikiona uzito, kila familia ije na birika la maji ya moto badala ya keki. Birika kwa birika, bwawa litakubali. Viazi vya sufuria kubwa huiva vivyo hivyo.

Tatu, nikitoka majini, taulo ashike Papa Hénock.

Hayo yakikataliwa, nitaingia mwenyewe. Nitakuja na kanzu yangu, nitafunua bango, nitazama mbele ya hadeda, naye atakuwa shahidi wangu, na sauti anayo. Sitishi mtu. Natoa taarifa.

Namalizia hapa kwa sababu kalamu inaanza kukwaruza. Mpe salamu mama mchungaji. Wasalimie kwaya, wapone. Msalimie Mama Falonne, umwambie kanzu yake mpya ina nati mbili za ziada. Msalimie Mama Gaudiose, bata usimsalimie. Msalimie Exaucé, umwambie akicheza kinanda siku ya harusi asikimbize wimbo, mimi natembea kwa cheo. Hata Papa Hénock msalimie, ila kwa ufupi.

Wako katika Bwana, mkavu lakini imara,

Papa Ezéchiel Kashindi
Fundi

N.B. Mchungaji, barua nilikuwa nimeshaitia kwenye bahasha na kuilamba. Nimeifungua tena kwa mvuke wa birika. Mwandiko huu wa chini ukiuona unatetemeka, si uzee.

Jumamosi asubuhi nilikuja kuileta kwa mkono, hukuwepo. Shekinah alinisindikiza. Nilikuwa nimevaa kanzu ya ubatizo juu ya nguo zangu, na kofia yangu kichwani, ili ukiniona tu ujue mtu huyu hatanii. Tulimkuta Papa Hénock uani anarudisha matofali yaliyosogezwa na upepo, amevaa ile suti, eti anaizoesha. Nikaona si haki kumsema mtu kwa siri. Barua ikiwa mkononi mwa Shekinah, kwenye bahasha yake, nikamsomea lalamiko la tano palepale kwa kichwa, kwa sauti, pamoja na fagio. Shekinah akaanza kucheka. Papa Hénock hakucheka. Alisema: "Papa Ezéchiel, mimi sijafunga bwawa kwa sababu ya mkono wa mtoto. Nimelifunga kwa sababu yako. Maji haya yatakuua, na sitaki kumpeleka Shekinah madhabahuni juu ya matanga." Neno lile lilinichoma. Nikamwambia maji si baridi, asiniletee maneno ya watoto wa heater, nitatia kidole kimoja tu cha mguu aone.

Bango linafunika mpaka ukingoni, Mchungaji. Pale nilipodhani pana saruji, palikuwa na wewe. Nilikukanyaga kidevu. Mshono wangu haukuachia, naomba hili liandikwe kwenye kumbukumbu za kanisa, mshono haukuachia, iliyochanika ni plastiki kando yake. Nilipita mdomoni mwako nikaenda chini.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo penye sheria.

Nilizama kichwa na vyote. Magoti pia, Shekinah aliyatafuta hayakuonekana. Kanzu haikupanda, nati zilifanya kazi yake, zilinivuta kama mkwe anayedai haki. Nilizama mara tatu: mara ya kwanza kwa kuteleza, ya pili kwa nati, ya tatu kwa sababu Papa Hénock alikuwa ameshanishika kola, akaniona kofia bado iko kichwani, akacheka, akaniachia. Mara tatu, Mchungaji. Baba, Mwana, na Roho Mtakatifu.

Jina lilitajwa. Papa Hénock alipiga kelele, na waliosikia wapo mpaka njia ya stadium: "Yesu! Yesu wangu, huyu mzee!" Yale maneno ya mwisho si lazima kuyahesabu. Mzee wa kanisa alikuwepo, huyohuyo Papa Hénock, tena aliingia majini mpaka kiunoni kunitoa. Na mchungaji je? Mchungaji ulikuwepo. Nilipita ndani yako. Nilipofumbua macho kule chini nilitazama juu, nikaona mkono wako wa kuume umenyooshwa juu ya kichwa changu, na neno NJOO.

Kama huo si ubatizo, nioneshe unaouzidi.

Kwa hiyo hayo yote niliyoyaandika huko juu nayaondoa. Bwawa lifungwe. Lifungwe mpaka mwezi wa tisa, na mwezi wa tisa ukifika msiwe na papara. Mkitaka kulijaza zege, mimi nitabeba mchanga. Bango lililochanika nitalishona bure. Lalamiko la tatu lifutwe lote kwa kalamu nyekundu: yale maji si baridi, ni kitu kingine, Kiswahili bado hakijakipa jina. Vijana wa kwaya nawaomba radhi. Na yule padri wa Uvira, nimemfikiria sana nikiwa chini ya mablanketi ya Clémentine. Alikuwa mtu mwenye hekima. Alijua kipimo.

Suti ya Papa Hénock imenywea. Mikono sasa inamfika sawasawa, hata mimi nisingekata vizuri hivyo. Alinifunika kwa koti lake la baridi, akanisugua mgongo kama ng'ombe, akaninywesha tangawizi. Nilipomuuliza kama atakuja kushuhudia mbele yako kwamba nimebatizwa, alisema atashuhudia, ataapa, na ukikataa atakufungia wewe humo bwawani, kwa sababu hayuko tayari kunitoa mara ya pili. Ameshalirudisha fagio stoo.

Basi kilichobaki ni neno lako tu.

Shekinah aliniuliza, nikiwa natiririka pale kwenye saruji, "Yoh, Babu, uko sharp?" Nilitaka kumwambia niko sharp, yaani niko sawa, meno yakakataa. Akanikumbatia hivyohivyo na maji yangu. Amesema siku ya harusi mimi nitatembea upande wa ukuta, yeye upande wa bwawa, na mkono wangu hatauachia.